Saa Moja ya Nyongeza

Watu wengi hapa Ivuga wanaamini seva ni mdaku. Wanasema inawaingia masikioni wakati wowote ipendapo, inachota inachotaka na kumwaga inachotaka. Nimechoka kuwaeleza. Seva haimwingii mtu. Inapiga mwito tu, mfupi kuliko chafya, na ndani ya mwito huo hamna kitu zaidi ya habari kwamba kuna jipya. Kikumbushi, kile kifaa cha kumbukumbu kilicho nyuma ya sikio lako, ndicho kinachoamka, ndicho kinachofungua mlango na kusema: mimi niliishia toleo namba fulani, nipe yaliyofuata. Seva inakipa yaliyofuata, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Ni kama msaragambo wa mababu zetu, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe ya kuitia watu kazini haikumshika mtu mkono kumpeleka. Iliita, na mtu akatoka mwenyewe na jembe lake.

Pembe yenyewe ninayo. Ni ya tandala, imetundikwa ukutani kituoni kwangu, ninakohudumia vikumbushi vya kijiji, kati ya karatasi ya kanuni za kazi na cheti changu cha utumishi uliotukuka. Tangu vikumbushi vilipopanda huku milimani miaka kumi na minne iliyopita, hakuna aliyeipuliza. Mimi huifuta vumbi kila Jumamosi, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyobaki nayo.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeshaifuta mara mbili na bado sijatulia. Nilikuwa hivyo tangu mwezi wa tano. Nakaa, nasimama, nachungulia skrini, natoka barazani kutazama njia kama mtu anayengoja mgeni, narudi. Nachemsha chai naisahau mpaka inaganda utando. Mama yangu alisema ni uchovu, nami nilikubali kwa sababu sikuwa na jina lingine la kukipa kitu kile.

Nikasikia magongo kwenye saruji ya baraza. Ivuga nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa magongo, na nilikuwa nimesikia kwamba amerudi kutoka hospitali juzi.

"Hodi humu."

"Karibu, Mama Nanzia. Karibu ukae. Pole sana na mguu."

"Nimeshapoa."

Hakukaa. Mama Nanzia, jina lake Navoneiwa, hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, hata enzi za mumewe Elinaja alipokuwa hai na kuyasema yote kwa niaba ya nyumba. Aliegemea gongo moja, akatoa bahasha ya kaki kwapani, akaiweka mezani kwangu.

"Walinivua siku waliyonipasua mguu. Kimekaa humo mpaka leo. Nataka unirudishe hewani kama watu wengine."

Nikaifungua. Kikumbushi chake, kidogo kama punje ya harage, kilikuwa kimezima, na kwenye kingo zake kulikuwa bado na tope jekundu lililokauka. Nililijua tope hilo. Wiki kumi na moja nyuma, ukingo wa ndiva yetu, bwawa linalokusanya maji ya kumwagilia juu ya mashamba, ulibomoka mchana kweupe. Watu sita walikufa, na Elinaja alikuwa mmoja wao. Navoneiwa alivunjika mguu akikimbia kumtafuta.

Kila mtu hapa anakumbuka ilivyokuwa. Mzee Mkwizu alikuwa anazikwa, karibu kijiji chote makaburini, masikio yakatetemeka: ndiva inapasuka, tokeni bondeni. Wale sita walikuwa wameshateremka mashambani. Walisikia kama sisi tulivyosikia, wakabaki na mahindi yao. Mwito wa hatari hupitia kituoni kwangu, na mimi ndiye niliyeupitisha, saa nane na dakika kumi, nikiwa nimeketi kwenye kiti hiki, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Cheti kile ukutani nilipewa kwa sababu hiyo. Nakumbuka hata harufu ya tangawizi.

"Nanzia hataki kwenda kaburini kwa baba yake," alisema Navoneiwa. Alikuwa anatazama bahasha, si mimi. "Anasema baba alisikia, akachagua mahindi akatuacha. Nikimwambia mimi sikusikia mwito wowote kabla ya maji kushuka, ananiambia mama ni dawa za hospitali. Shemeji zangu nao wanasema ni dawa."

"Huenda ni dawa, dada."

"Huenda. Wiki kumi na moja nimekumbuka kwa kichwa changu mwenyewe, na kichwa changu kiko peke yake. Kijiji kizima kinasema masikio yalitetemeka. Mimi nasema hayakutetemeka. Kama nimekosea, kisawazishe hicho kifaa, niwe kama wenzangu. Nipumzike."

Nilimwonea huruma, na nasema kweli, nilimwonea huruma kama mtu anayejua anavyomwonea huruma mtu asiyejua.

*

Nikakichomeka. Seva ikapiga mwito, kikumbushi kikaamka, taa yake ikawa ya kijani. Kikataja namba yake: toleo elfu nane mia nane na kumi na moja. Seva ilikuwa imefika elfu tisa mia mbili na sita.

"Mbona hakiendelei?" aliuliza Navoneiwa. Sasa alikuwa ameketi.

"Kimepitisha siku sitini. Seva haitunzi orodha ya mabadiliko ya zamani kiasi hicho, kwa hiyo haiwezi kukwambia tu yaliyofuata. Inabidi walinganishe kila kitu tangu mwanzo."

Ni kazi ya fundi cherehani aliyepoteza vipimo vyako: anaanza tena begani, anashuka. Kumbukumbu iliyo kwa kifaa peke yake inapanda kwenye seva. Iliyo kwenye seva peke yake inashuka kwenye kifaa. Shida ni pale wote wawili wanapokuwa na saa ileile ya siku ileile na kila mmoja anaieleza vingine. Hapo mashine inasimama na kumwuliza mtu. Mtu huyo ni mimi, na jibu langu limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: PANAPO MGONGANO, SEVA INASHINDA. Nimelibonyeza jibu hilo mara mia kadhaa. Mara nyingi ni mambo ya mbuzi wa fulani kuingia shamba la fulani. Seva ikishinda, kikumbushi kinaanza kumnong'oneza mwenyewe habari iliyosahihishwa kila anapojaribu kukumbuka, na baada ya siku tisa hivi akili inakubali. Mtu haumii. Hajui hata kama kuna kitu kimeondoka.

Skrini ikasimama.

*Mgongano: mmoja. Tarehe nne Mei, saa saba na nusu hadi saa tisa mchana. Seva au kifaa?*

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye SEVA.

"Usibonyeze kwanza," alisema Navoneiwa. "Nisikilizishe."

Ni haki yake. Mwenye kifaa anaruhusiwa kusikia kabla hajafutiwa, ila watu hawaiombi haki hiyo kwa sababu ya haraka zao. Nikafungua spika.

Kwanza upepo, na watu kukohoa makaburini. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa, ya kunong'ona, ya mtu anayemwinamia mkewe. Navoneiwa akashika ukingo wa meza.

"Bondeni kumetulia," alisema Elinaja. "Hakuna neno. Ngoja niteremke nikageuze maji, zamu yetu inaisha saa tisa. Nibakizie makande. Yale ya chini, yaliyogandia."

"Hata mazishi hayajaisha," alisema Navoneiwa wa siku ile.

"Saa nane kimya cha msiba kinaisha, kukiwa na jambo kikumbushi kitalia. Narudi sasa hivi."

Kisha viatu kwenye majani, vikienda. Kisha sauti ya mwanamke, kubwa, iliyozoea kutangaza: "Ndugu zangu, najua kimya cha msiba kinaishia saa nane, lakini kwaya bado haijaimba. Naongeza saa moja."

Ilikuwa sauti yangu.

Kimya cha msiba ni desturi ya Ivuga. Zamani pembe haikulia siku ya mazishi, na vikumbushi vilipokuja tukaihamishia desturi hiyo kwenye mashine: jeneza linaposhuka, kituo kinazuia miito yote, watu wasitetemeke masikio wakimlilia mtu wao. Miito inapanga foleni na kusubiri. Kipimo chake ni saa mbili. Mimi mwenyewe ndiye niliyekiandikia kanuni, na nilikuwa nakionea fahari.

Spika ikaendelea. Mchungaji akamaliza. Kwaya ikaanza, na juu ya kwaya sauti moja ya mwanamke, ikipanda peke yake kwenye ubeti wa pili, haina haraka, inajua inasikilizwa. Navoneiwa akageuka kunitazama.

"Hiyo ni sauti yako."

"Ni yangu."

Pembeni ya skrini saa ya kumbukumbu ilikuwa inatembea. Saa nane na dakika tisa. Saa nane na dakika kumi. Saa nane na dakika kumi na moja. Nilikuwa bado naimba.

Nikatazama kiti nilichokuwa nimekalia. Niliikumbuka chai. Niliukumbuka mkono wa kushoto na joto la kikombe, niliikumbuka tangawizi, na kwenye spika nilikuwa makaburini mwendo wa nusu saa kutoka hapa, nikiuvuta ubeti wa tatu. Kwenye kumbukumbu ya Navoneiwa hakukuwa na sikio lililotetemeka. Wimbo ukaisha, watu wakasema amina. Baada ya muda kidogo kukawa na mvumo kutoka bondeni, mtu akauliza ni lori gani hilo, na baada ya hapo ni kukimbia na makelele tu. Miito ilifika saa tisa kamili, ishirini na tatu kwa pamoja. Wa kwanza wao ulisema tokeni bondeni.

Nikazima spika. Navoneiwa hakulia. Alikuwa ameinama mbele kidogo, kama anayesubiri nimpe majibu ya daktari.

"Kwa hiyo si dawa," alisema.

*

Simu ya mezani ikalia. Ni ya Kituo Kikuu, huko chini mjini, na haipigwi siku za Jumamosi.

"Namkunda, habari za kazi." Ni Semboja, msimamizi wangu, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. "Naona una mgongano umekaa dakika kumi na nane. Kifaa cha nani hicho?"

"Cha Navoneiwa, mke wa Elinaja."

"Ulikisikiliza?"

"Tumekisikiliza wote."

"Mh. Basi toka nayo nje simu, tuzungumze."

Nikatoka barazani, waya ukivutika nyuma yangu. Jua lilikuwa kali. Wanawake wawili walikuwa wanapita na mizigo ya kuni, wakanipungia mkono, nikawapungia.

"Nani aliibadilisha kumbukumbu yangu?" niliuliza. "Kile kikombe cha chai. Nani aliniwekea kikombe cha chai kichwani?"

"Mimi niliandika," alisema Semboja. "Wewe uliomba."

"Sikuomba."

"Fungua historia ya marekebisho uone. Ombi namba ya kwanza, tarehe saba Mei. Ulinipigia kwa simu hiyohiyo. Ulikuwa huli siku ya tatu. Uliniambia ukifumba macho unajisikia unaimba, na uliniambia huwezi kuishi nayo, Namkunda. Mimi nina wafanyakazi kumi na mmoja. Nilikuwa na watu sita wameshakufa. Ningekaa nimngoje wa saba?"

Nilitaka kumchukia, haikuwezekana, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha na mgonjwa.

"Na kijiji chote? Kijiji nacho kiliomba?"

"Huwezi kumsawazisha mtu mmoja akabaki peke yake, unajua hilo kuliko mimi. Na kuna jambo jingine, nisikilize. Kitufe cha kimya nilishakiondoa vituo vyote, halitatokea tena. Tangu Mei miito yetu imewatoa watu kwenye maporomoko mara mbili, watu arobaini na kitu, wazima. Walitoka kwa sababu wanaviamini vikumbushi vyao. Waambie kwamba kifaa kilinyamaza watu wakafa, kesho nusu yao watakuwa wamevitupa. Mvua za vuli zinakuja. Utawaita kwa kitu gani?"

Hilo halikuwa jambo la kubeza, na mpaka leo silibezi. Nilisimama pale na simu sikioni nikiihesabu milima, nikatafuta kosa kwenye maneno yake na sikulipata.

"Bonyeza SEVA," alisema, taratibu. "Atapumzika. Nawe utapumzika. Ombi lako bado lipo, nitalipitisha tena leo hiihii, na jioni utakunywa chai yako."

"Ana binti," nilisema. "Ana miaka kumi na minne. Anaamini baba yake alisikia akabaki."

"Mtoto atasahau."

"Hatasahau. Sisi ndio tunaomkumbusha. Kila asubuhi, Semboja. Kila akimkumbuka baba yake, kikumbushi kinamnong'oneza kwamba alisikia akabaki."

Nilisikia karatasi zikipekuliwa upande wake.

"Ukibonyeza KIFAA itapanda kwenye seva, na seva itapiga mwito Ivuga nzima," alisema. "Siwezi kuizuia isianze, lakini naweza kuirudisha. Kupata kibali na kuandaa marekebisho kutanichukua saa moja. Sitakudanganya, nitairudisha. Ndiyo kazi yangu."

"Saa moja," nilisema.

"Saa moja, Namkunda."

*

Navoneiwa alikuwa amesimama chini ya pembe, anaisoma karatasi ya kanuni. Niliingia, nikaiweka simu mahali pake, na nilijua kwamba nikikaa sitasema. Kwa hiyo nilisema nimesimama.

"Mama Nanzia, mwito wa ndiva ulifika kituoni saa nane na kumi. Ulikuta nimefunga mlango. Mumeo hakuitwa. Hakuna aliyeitwa kati ya wale sita. Baadaye nikaomba nisahaulishwe, wakanisahaulisha, na ili mimi nisahau wakawasahaulisha wote. Nilikuwa siyajui haya mpaka leo, ila niliyafanya mimi."

Nilitamani anipige kwa gongo.

"Ulifunga kwa ajili ya mzee Mkwizu," alisema mwishowe. Alikuwa ananitafutia njia, yeye, mwenye mguu wa vyuma na kaburi. Nami ningeweza kuipita njia hiyo, kwa sababu saa mbili za kwanza zilikuwa za mzee Mkwizu kweli.

"Saa mbili zilikuwa zake. Ile ya tatu ilikuwa yangu."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai, na tulimsikiliza wote wawili mpaka akamaliza.

"Bonyeza," alisema.

"Nikibonyeza watajua wote. Baada ya saa moja Kituo Kikuu watairudisha kama ilivyokuwa, na siku tisa baadaye watakuwa wamesahau tena. Nanzia naye."

"Nawe?"

"Nami."

"Basi saa moja ni nyingi," alisema Navoneiwa. "Bonyeza, halafu tutoke."

Nikabonyeza KIFAA. Skrini ikauliza kama nina hakika, ikauliza tena, ikataka jina langu, nikaliandika. Kumbukumbu ya makaburini ikapanda. Seva ikaipokea, ikaipa namba mpya, elfu tisa mia mbili na saba, na mara moja ikaanza kazi yake kama ilivyofundishwa: ikapiga mwito kwenye vifaa mia nne na kumi na viwili, kuna jipya, kuna jipya, na kimoja baada ya kingine vikaanza kuamka na kufungua milango.

Changu kilikuwa cha tatu. Sikio likatetemeka.

Kikombe cha chai kikaondoka; uongo hutaka siku tisa, lakini hili lilikuwa langu tayari, lilikuwa limefunikwa tu. Mahali pake pakaja vumbi la makaburini, kanga ya kiunoni iliyonibana, simu mkononi mwangu na kidole gumba kikiongeza saa moja. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya ubeti ule wiki mbili. Kulikuwa na wageni kutoka mjini. Niliwaza hivi, nayakumbuka maneno yenyewe: wakitetemeka masikio katikati ya ubeti wangu nitaharibikiwa. Hilo tu ndilo nililowaza.

Halafu nikakivua kikumbushi changu, nikakizima nisisahaulishwe tena, nikakitumbukiza kwenye bahasha ya kaki pamoja na cha Navoneiwa.

Nikaishusha pembe ukutani. Cheti kikaenda upande, sikukinyoosha. Tukatoka mpaka ukingo wa baraza, pale kilima kinapoanza kushuka na nyumba zote zinaonekana, nikaweka mdomo, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ilitoka sauti ya ndama mwenye mafua.

"Unapuliza kama unapoza uji," alisema Navoneiwa. "Lete hapa. Kabla ya vikumbushi Elinaja alikuwa analisha familia makelele haya kila Jumapili kwa pembe yake, kwa kujifurahisha tu. Nilimchukia nayo."

Akaegemea nguzo, akayaacha magongo yaanguke, akaishika pembe kwa mikono miwili. Ililia. Ililia ndefu, nzito, ikagonga mlima wa ng'ambo ikarudi, na akapuliza tena kabla haijamaliza kurudi. Chini, nyumba kwa nyumba, niliona watu waliokuwa wamesimama uani mkono sikioni, wameduwaa na kile kilichowafikia. Sasa wote wakageuza nyuso kuelekea kwetu.

Kisha wakaanza kutoka. Hilo sikulitegemea. Miaka kumi na minne haijalia, lakini wazee waliijua, na walioijua waliwaambia wengine kwamba pembe ikilia kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe moja. Wakapanda kwa njia zote tatu, majembe mabegani, wengine wakilia tayari, wengine wakiongea kwa sauti za juu, wengine kimya kabisa. Nilitazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. Dakika kumi na tisa zilikuwa zimekwisha.

"Nitawaambia wote," nilisema. "Na kuhusu mvua za vuli nitawaambia pia. Wasivitupe vifaa. Waamue wenyewe wakijua."

"Sema unavyotaka," alisema Navoneiwa. Macho yake yalikuwa njiani.

Nyumba ya Elinaja haina mwanamume tena, na mama wa nyumba alikuwa barazani kwangu kwa mguu mmoja. Kwa hiyo aliyekuja kwa niaba ya nyumba ile alikuwa Nanzia, gauni la nyumbani na raba, jembe la baba yake begani, mpini mrefu ukiyumba nyuma yake. Alipanda haraka kuliko watu wazima na akafika wa kwanza. Alisimama mbele yangu, anahema, mkono mmoja bado umefunika sikio.

"Shikamoo, shangazi. Kikumbushi changu kimesema vingine," alisema. "Ni kazi gani?"

Watu walikuwa wanaendelea kujaa nyuma yake. Nilikuwa nimepanga kuwangoja wafike wote, niseme mara moja, kwa maneno niliyokuwa nayaandaa kichwani tangu nilipobonyeza. Niliyaacha. Nikapiga magoti kwenye saruji, nikamtazama kutoka chini, nikaanza na yeye.

"Baba yako hakuitwa, Nanzia," nilimwambia. "Aliutegemea mwito, nami niliuzuia ili niimbe."